Vyungu Mia Mbili vya Mkunga

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Huku wazima. Miguu yangu inauma kama ada yake na mimi nimeiachia iume, tumezoeana. Nakuandikia kwa mambo mawili, moja la kusengenya na moja la kuuliza, na naanza na la kusengenya ili moyo upungue uzito.

Kaka yako tangu astaafu amekuwa fanicha. Miaka thelathini na moja amesimama mbele ya ile mashine ya kupuliza viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki ya kuoteshea miche, na siku walipomuaga wakampa saa ya ukutani. Sasa anaamka wakati uleule, anavaa ovaroli ileile, anakunywa chai amesimama, halafu anakumbuka hana pa kwenda, anakaa. Ukimuuliza, "Mzee, vipi?" anajibu, "Vipi nini?" Basi, mazungumzo ya siku yamekwisha.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita alikuja kitaluni kwangu, hapa nyuma ya nyumba, mkunga mkuu wa zahanati ya wazazi ya mtaa wa pili. Mwanamke mfupi, anatembea kama mtu aliyeitwa kila mahali kwa wakati mmoja. Mvua zilizopita mtaro wao uliziba, maji yakaingia wodini hadi miguu ya vitanda. Walipozibua, wakatoa nini? Viriba. Magunia manne ya viriba vilivyochanwa na kutupwa na watu waliokuwa wakipanda miti. Vingine, wifi, lazima vilitoka na miche yangu. Na nani alivipuliza? Usiseme kwa sauti.

Tarehe ishirini Aprili wanafungua wodi mpya, na mkunga anataka kila mama aliyejifungua pale tangu mwaka jana apewe mche, akaupande kwake kwa ajili ya mtoto. Mipera na mipapai, jumla mia mbili. "Lakini ukiniletea plastiki hata moja," akaniambia, "mimi na wewe tutaonana getini." Na mimi, kwa mdomo huu usio na breki, nikasema hakuna shida, nitatengeneza vyungu vya kuoza ardhini, mama anafukia na chungu chake. Vyungu vipi? Sijawahi kutengeneza hata kimoja!

Mzee hajui. Nitamwambiaje mtu kwamba kazi ya maisha yake imeziba mtaro wa wazazi? Nimeamua kujifanya najipitishia muda.

Swali langu ndilo hili. Ninyi kule kiwanda cha nguo mlikuwa mnakaza nyuzi kwa wanga. Mlikuwa mnaupikaje? Nina magazeti marundo na trei za mayai, ila bila gundi vitabomoka kama ahadi za fundi.

Wifi yako,
Mama Miche


Tarehe 11 Februari

Wifi,

Kwanza asante kwa kuandika badala ya kupiga simu. Unajua mitambo ya kufuma ilinila masikio. Juzi shangazi alinipigia akasema "nimefika", mimi nikasikia "nimefiwa", nikaangua kilio hadi majirani wakaja na viti. Barua hainifanyii hivyo.

Wanga ni hivi. Unga kikombe kimoja, maji ya baridi vikombe vitano. Koroga mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke motoni, na usiache kukoroga hata ukiitwa na nani. Ukianza kung'aa na kuvutika kama kamasi, ipua. Samahani kwa mfano, lakini hutausahau. Tia kidogo tu kwenye karatasi uliyoloweka. Wanga ukizidi, unawaalika sisimizi na ukungu, na hao wakialikwa hawaondoki.

Kuhusu Kaka. Alikuwa hivyohivyo tangu utotoni. Alipovunjika mkono akiwa na miaka tisa tuligundua siku ya tatu, kwa sababu alikuwa anakula kwa kushoto. Kwa hiyo asiposema, usidhani hana la kusema. Mwambie mambo ya mkunga. Mficha uchi hazai, na wewe hapa unataka kumzalisha mkunga mwenyewe.

Mimi niko palepale, nashona mashuka ya hospitali. Yote meupe. Nikifumba macho naona meupe.

Wifi yako,
Masikio ya Pamba


Tarehe 22 Februari

Wifi yangu,

Vyungu vipo! Nimeloweka magazeti na trei siku mbili, nimeyatwanga kwenye kinu hadi yakawa rojo kama uji wa mgonjwa, nikachanganya wanga wako. Nina makopo mawili, kubwa la maziwa ya unga na dogo la nyanya. Napaka rojo ndani ya kubwa, nadidimiza dogo katikati, maji yanaruka, nusu yananiingia mdomoni. Nachomoa, natoboa chini kwa kijiti, naanika. Cha kwanza kilikuwa kama kofia ya mlevi. Cha kumi kilikuwa kama kofia ya mlevi aliyejitahidi. Sasa ninavyo sabini na vinasimama.

Nakiri nimezidisha wanga. Vilipolegea-legea nikaona nitie na kijiko cha pili, na cha tatu. Sisimizi wamekuja kweli, wamepanga mstari kama wanasubiri posho. Na miche mitano niliyoijaribu imeanza kupauka majani, manjano kama karatasi ya zamani. Sijui kwa nini, udongo ni uleule.

Lakini si hilo linaloniuma. Kila asubuhi nikihesabu, vimepungua viwili au vitatu. Jana nikaenda nyuma ya bafu kumwaga maji, nikakuta ndoo. Ndani yake vyungu vyangu vitatu, vimelowekwa, kimoja kimechanika pande mbili. Na pembeni chini kimoja kimebonyezwa bapa, kina alama ya kiatu. Wifi, ni ile buti yake ya kazini, naijua hadi msumari uliolegea.

Jioni alinijia kibarazani, akachukua chungu kimoja, akakigeuza, akauliza, "Hivi vitadumu siku ngapi?"

Nikamjibu, "Vitadumu kuliko maneno yako."

Akakirudisha taratibu, akaenda zake. Najua nilikuwa mkali. Lakini mtu akikukanyagia kazi yako kwa buti, utampa maua? Anaona nimekuja kuikana kazi yake ndani ya nyumba yake. Hayo ndiyo nayaona mimi.

Miche iko salama kitaluni, inasubiri kuhamishwa. Inasubiri vyungu tu.

Wifi yako,
Mama Miche


Tarehe 24 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Sina mazoea ya kuandika. Niwie radhi.

Wifi yako na majirani watakuwa wamekwambia kwamba nimezubaa. Si kweli sana. Mkunga alipokuja mimi nilikuwa sebuleni na dirisha lilikuwa wazi. Yule mama ana sauti. Nilisikia yote, pamoja na yale magunia manne.

Kesho yake nilikwenda kuangalia. Magunia yalikuwa bado yameegeshwa ukutani kwao. Nilitoa kiriba kimoja nikakikung'uta. Mashine yangu ilikuwa na kasoro tangu mwaka wa pili, kisu chake kilikuwa kinaacha mstari mwembamba pembeni, kama kovu. Kila kiriba nilichotoa kilikuwa na mstari ule. Vingine vina miaka kumi na tano. Vimefifia rangi tu. Miaka yote ile nilisifiwa kwa kutengeneza kitu kisichoharibika, na kweli hakijaharibika.

Sasa wifi yako anatengeneza vyungu vya karatasi. Anadhani sijui ni vya nini. Nilijua ameanza siku nilipofungua gazeti nikakuta nusu ya ukurasa wa michezo haipo.

Vyungu vyake ni vizuri kwa macho. Kwa kazi, bado. Nimeviloweka, vinaachia siku ya nne. Mche unahitaji wiki tatu za kumwagiliwa kabla haujapelekwa. Nimevikanyaga, kuta zina unene tofauti, upande mmoja unabeba, mwingine unapasuka. Ana wanga mwingi mno na bado maji hayajatoka. Kinatakiwa chungu kitakachosimama wiki tano, halafu kikiingia ardhini kiachie mizizi ipite. Hiyo ni kazi ngumu kuliko ya kwangu. Ya kwangu ilikuwa kudumu tu.

Nina jeki ya zamani ya gari na vipande viwili vya bomba la chuma. Nataka kutengeneza kalibu ya kugandamiza. Nieleze, kule kwenu nguo ikitoka kwenye maji mlikuwa mnaikamuaje bila kuichana?

Usimwambie. Yeye hajanialika, na mimi siwezi kujipakulia. Na kama nitashindwa, nishindwe kimya.

Kaka yako


Tarehe 3 Machi

Kaka,

Barua yako nimeiweka chini ya mto kama mtoto wa shule. Miaka arobaini na kitu sijawahi kuona maneno yako mengi kiasi hicho mahali pamoja.

Jibu la swali lako. Tulikuwa hatuikamui kwa pupa. Uzito unaongezeka kidogo, unangoja maji yatoke, unaongeza tena. Ukiharakisha, maji hukosa njia yakachana kitambaa. Na sehemu ya chini iwe na matundu mengi madogo, si machache makubwa. Kisha kausha kwenye upepo kivulini. Jua kali hukausha nje na kuacha ndani kubichi.

Sitasema. Nimekuahidi. Ila nakuomba kama mdogo wako, mwambie mkeo unafanya nini nyuma ya bafu. Kuna mtu anaweza kuelewa vibaya mambo ya ndoo na buti. Mimi sijasema nani.

Mdogo wako


Tarehe 3 Machi

Wifi,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mimi sikuwepo, sikuona, na masikio yangu unayajua. Ila alama ya kiatu haisemi kwa nini kiatu kilikanyaga. Muulize. Muulize kwa neno la kawaida, lisilo na pilipili.

Wanga umezidi, nilikwambia. Punguza. Na vikaushe penye upepo.

Leo sina mengi. Nina mengi kweli, ila leo sina.

Wifi yako


Tarehe 12 Machi

Wifi yangu,

Ungeniona usingenitambua. Sijachana nywele.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, nikajisemea, hata wifi yangu amekuwa upande wa kaka yake, damu nzito kuliko maji. Sikumuuliza. Badala yake nikafanya ujanja wa kijinga. Vyungu vilifika mia na arobaini, na bado viwiliviwili vinapotea. Nikaongea na jirani yangu Mama Cherehani, yule mshonaji. Ana stoo nyuma, anaweka mabaki ya vitambaa. Asubuhi Mzee alipokwenda kinyozi tukavihamisha vyote, safari kumi na moja na beseni kichwani, tukafunga mlango. Nikalala kwa raha siku sita.

Stoo ile haina dirisha, wifi. Ulisema upepo. Nilisoma upepo kwa macho yangu haya nikaona ni neno la kujazia barua.

Leo asubuhi nimefungua mlango. Nilidhani paka wa Mama Cherehani amezalia mle. Manyoya! Kijivu na kijani, vyungu vyote mia na arobaini vimeota manyoya, na harufu kama soksi za jeshi zima. Nikishika kimoja kinabaki vidoleni mwangu. Hakuna hata kimoja kilichopona. Mama Cherehani alisimama mlangoni ameshika futi, akasema, "Pole, jirani," halafu akapiga chafya mara saba.

Zimebaki siku thelathini na tisa. Miche ikikaa zaidi kitaluni, mizizi itasukana na kung'oa itakuwa kuua.

Na nikuambie lililonimaliza. Nilirudi nyumbani nimebeba kimoja cha kumwonyesha, nilikuwa nimekwishakata shauri la kumwambia yote. Nikampita kwa mbali nyuma ya bafu, ameinamia ndoo yake, amekitoa chungu changu kimoja ndani ya maji. Wifi, alikuwa anatabasamu. Tangu astaafu sijaliona lile tabasamu. Mimi kazi yangu imeoza na yeye anatabasamia ndoo.

Nimemwandikia mkunga barua ya kumwambia siwezi. Ninayo mkobani. Nitampelekea Jumatatu ya wiki ijayo, nikipata uso wa kumtazama.

Mama Miche


Tarehe 15 Machi

Wifi, wifi, wifi,

Usimpelekee mkunga kitu chochote. Keti kwanza.

Mimi ndiye mwenye makosa. Nilitoa ahadi mahali nisipopaswa, nikadhani kutunza siri ya kila mmoja ni kumpenda kila mmoja. Kumbe nilikuwa nawashonea ninyi wawili shuka moja lililopasuka katikati, huku nalivuta pande zote. Ningesema mapema, vyungu vyako vingekuwa juani. Kivulini, namaanisha. Penye upepo!

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Kaka ya tarehe ishirini na nne Februari. Isome yote. Aliniomba nisikwambie. Basi sijakwambia mimi, amekwambia yeye.

Akinikasirikia, mwambie aje anigombeze ana kwa ana. Sitamsikia, lakini nitamwona midomo ikicheza, na mwaka huu hiyo peke yake ni sherehe.

Naituma kwa kusainiwa ili ikufikie kabla ya Jumatatu.

Wifi yako mwenye aibu,
Masikio ya Pamba


Tarehe 30 Machi

Wifi yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya wiki mbili, ngoja usome utaelewa mikono yangu ilikuwa wapi.

Bahasha ilinikuta getini natoka sokoni. Niliisoma ile barua nimesimama, kapu mkononi. Nikairudia. Mara ya tatu herufi zilikataa kukaa mahali pake. Nikafika pale penye mstari kama kovu, nikaona nitue kapu chini.

Nikaenda nyuma ya bafu. Zamani nilikuwa naishia kwenye ndoo. Siku ile nikasogeza gunia alilolitundika kama pazia. Mzee amekaa juu ya debe, mbele yake kuna kitu cha chuma, jeki chini, mabomba mawili moja ndani ya jingine, maji yanatiririka kwa matundu madogomadogo kama jasho. Na kwenye ubao, wifi, vyungu kama arobaini vimepangwa safu. Chini ya kila kimoja tarehe kwa penseli. Vingine vilikuwa vyangu. Vingine sikuvijua.

Nikamuuliza, "Mzee, unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Kitakufa lini."

Nikamwonyesha barua. Akautambua mwandiko wake, akaitazama kama mtu aliyekutana na nguo yake mwilini mwa mwingine. "Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Kwa nini hukunialika?"

"Nilidhani utaumia."

"Niliumia," akasema. "Nilikuwa dirishani."

Tukakaa. Nikamwambia kuhusu stoo ya Mama Cherehani na yale manyoya. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Mia na arobaini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Pole," na, wifi, aliisema kama mtu anayejua kila kimoja kilichukua dakika ngapi.

Nikamwuliza siku ile alikuwa anatabasamia nini. Akainuka akanipa chungu kutoka kwenye ubao. "Shika." Chembamba, kigumu, kinalia kama ganda la nazi ukikigonga. "Kimekaa majini siku kumi na nane," akasema. "Changu cha kwanza kupita kumi. Siku ile kilikuwa kimetimiza kumi."

"Umetia nini?"

"Karatasi yako, wanga robo ya uliokuwa unatia, na samadi kavu ya ng'ombe. Karatasi tupu inaulia mche chakula chake, ndiyo maana majani yako yalikuwa manjano. Samadi inarudisha. Ila lazima ichekechwe laini sana."

"Umechekecha kwa kitu gani?"

Nikaona macho yake yanakwenda pembeni.

"Kwa kitu gani, Mzee?"

"Kwa chujio la chai."

Wifi! Lile chujio langu! Nilipiga ukelele hadi Mama Cherehani akachungulia juu ya ukuta akidhani kuna nyoka. "Tangu lini?" "Tangu mwezi wa pili." "Na chai ninayokunywa?" "Nilikuwa naliosha," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayesema ukweli nusu. Nikacheka hadi nikakaa chini kwenye matope, na yeye akacheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa mdomo.

Tangu siku ile ni kazi. Mimi natwanga na kuchanganya, yeye anagandamiza. Ishirini kwa siku, siku nzuri ishirini na tano. Tunaanika kwenye wavu alioutundika kati ya kuta mbili, upepo unapita chini na juu. Barua ya mkunga niliichana nikaitupa kwenye pipa la rojo, imo ndani ya chungu kimojawapo. Tunagombana kutwa. Ananiambia rojo langu zito, namwambia jeki yake ina wivu. Siku moja kanichorea mstari ukutani kuonyesha unene wa ukuta wa chungu, nikamwambia sijaolewa na rula. Mchana tunakula tumesimama maana hatuna muda, na tunaongea na chakula kikiwa mdomoni kama watoto.

Juzi tumemaliza kuhamisha miche yote. Majani yamesimama. Ni kijani, wifi, kijani cha kweli.

Nimenunua chujio jipya. Nimelificha.

Mama Miche


Tarehe 7 Aprili

Wifi na Kaka, nawaandikia barua moja, sirudii tena kosa la bahasha mbili.

Kaka, kadi yako imefika. "Umevunja ahadi. Asante." Maneno matatu, na nimeyasoma kwa sauti, maana sauti yangu mwenyewe bado naisikia kidogo kwa ndani.

Sitaweza kuja tarehe ishirini, hospitali inataka mashuka mia tatu na mimi na mwenzangu tuko wawili tu. Lakini nataka nihadithiwe kila kitu, nani alivaa nini, mkunga alisema nini. Na safari hii nataka mwandishi awe Kaka. Wifi, umnyang'anye kalamu na wewe upumzike. Akiniletea mistari mitatu naikataa, nairudisha posta.

Mdogo wenu


Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Wifi yako amenikalisha mezani. Anapita nyuma yangu kila mara kuangalia kama nimefika ukurasa wa pili.

Tulitengeneza vyungu mia mbili na sita. Vile sita ni vya tahadhari. Kiwandani tulikuwa tunafanya hivyo pia. Tuliipeleka miche kwa mkokoteni, safari nne. Haukuanguka hata mmoja. Wifi yako alitembea pembeni ameinyooshea mikono njia nzima kama mtu anayesindikiza mayai.

Mkunga alikuwa amevaa gauni la buluu na viatu vya kazini, hilo niliambiwa niliandike. Aliinua chungu cha kwanza akakigeuza, akakibonyeza kwa dole gumba pande zote, taratibu, macho yameangalia pembeni. Wifi yako akaninong'oneza kwamba ndivyo wanavyopapasa tumbo kujua mtoto amekaaje. Akauliza, "Hii kitu imetengenezwa na nani?" Mke wangu akasema, "Na sisi." Nilikuwa nategemea aseme jina lake. Alisema sisi.

Magunia manne hayapo tena ukutani. Sikuuliza yalipelekwa wapi.

Akina mama walipanga foleni na watoto wao. Wengine wachanga kabisa, wengine wanatembea. Jina linasomwa, mama anakuja, anapewa mpera au mpapai. Kazi yangu ilikuwa kueleza. Kila mmoja aliuliza lilelile, autoe mche kwenye chungu au? Nikawa najibu, usitoe, fukia vyote, lowesha chungu kwanza. Nimelisema mara mia mbili. Sauti ilikauka. Wifi yako anasema nimetumia maneno ya miaka miwili ijayo.

Sasa kuna jambo moja nilitaka kukuandikia, hata kama nisingelazimishwa.

Tulipokaribia kumaliza niliona mwanamke amesimama getini. Hakuwa na mtoto. Alishika chuma cha geti kwa mkono mmoja, hakuingia wala hakuondoka. Nilimwuliza mkunga. Akaniambia kwa sauti ya chini, na sikujua kama ana sauti ya chini, kwamba alijifungua pale mwezi wa saba mwaka jana, na wake hakukaa hata siku mbili. Jina lake halikuwa kwenye orodha. Mkunga alisema, "Nilifikiri kumwita ni kumtonesha." Akaiangalia karatasi yake.

Mke wangu alinitazama. Nilichukua mpera mmoja katika ile miche sita ya tahadhari nikaenda getini. Nikasema, "Mama, huu ni mzito kidogo. Nikusindikize nao." Haukuwa mzito. Akasema, "Haya, baba."

Anakaa mitaa miwili kutoka pale, chumba na kiwanja kidogo nyuma, kati ya ukuta na kamba ya nguo. Alinionyesha mahali, naona alikuwa amekwishapachagua kabla hatujafika. Akaniletea jembe la jirani. Nikachimba. Yeye akaleta maji, akaulowesha ule mche nilivyomwelekeza, chungu kikawa cheusi.

Halafu akakitazama akaniuliza, "Na hiki chungu nacho kinazikwa?"

Nililaza jembe chini. Mimi si mtu wa maneno, unanijua.

Nikamwambia, "Hapana, mama. Kinapandwa."

Akapiga magoti. Alikishika kwa mikono miwili, akakiingiza mwenyewe, akarudishia udongo kwa viganja, kidogokidogo, hadi ukingo wa chungu usionekane.

Kaka yako